Taa Imewaka, Wewe Unaongeza Sauti ya Redio

Hivi nani aliwadanganya madereva wa Tabora kwamba taa za dashibodi ni mapambo? Chungulia gari lolote lililokula chumvi pale chini ya mwembe: taa zinameremeta kama ukumbi wa harusi, dereva katulia anamenya embe. Ukimwuliza, anakujibu, "Hizo? Lilikuja nazo kutoka Japani."

Japani gani hiyo! Ukizungusha funguo mpaka ON kabla ya kuwasha injini, taa za onyo za dashibodi zinawaka kwa makusudi, gari linajikagua. Injini ikishawaka, zinazima ndani ya sekunde chache. Itakayobaki ina neno. Ila mbaya kuliko zote ni ile ambayo haikuwaka kabisa, maana kuna mjanja kachomoa balbu ili akuuzie mzigo. Wanunuzi wetu wanapiga matairi teke, wanafungua na kufunga milango, wanajaribu redio. Sekunde tatu za funguo hakuna anayeziangalia.

Halafu woga wetu umekaa kichwa chini miguu juu. Kataa ka njano ka injini kakiwaka, mtu halali. Kibirika chekundu cha oili kikiwaka, anasema, "Nitaongeza nikifika Nzega." Nzega, mzee? Kilometa zaidi ya 100? Kibirika hicho hakisemi oili imepungua tu, kinasema presha haipo, na bila presha beringi za krenki zinasagana chuma kwa chuma. Kwa dakika chache injini imenoki. Weka pembeni, zima hapo hapo, subiri dakika 10 oili ishuke, gari likiwa pa tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia oili, futa, chovya tena, soma. Kwa magari mengi madogo, toka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita 1. Ukikuta oili ipo ya kutosha na taa bado inawaka, usiwashe ukijifariji kwamba ni sensa, kile kidude kinachopima presha. Inaweza kuwa sensa kweli, inaweza kuwa pampu, na pampu haijui kujifariji. Livutwe. Lakini mtu wetu kwenye buti ana madumu manne ya asali ya Sikonge, oili hata robo lita hana!

Kipimajoto nacho kina visa. Cha bluu maana yake injini bado ya baridi, endesha taratibu. Kama dakika 15 zimepita na bado ni bluu, mwulize fundi wako thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, iko wapi. Kaitoa. Kuna mafundi wameapa kwamba huku kwetu kuna jua, thamostati haihitajiki, matokeo yake injini haifikii joto lake na inakunywa mafuta kama harusi ya bure. Kikiwa chekundu, zima eyasii (kiyoyozi), simama, zima injini, na mkono wako ukae mbali na mfuniko wa rejeta angalau nusu saa. Na wewe abiria mwenye huruma unayekuja mbio na ndoo ya maji ya kisima, kaa nayo huko huko! Maji baridi kwenye injini inayochemka yanaweza kuipasua.

Betri nyekundu ikiwaka safarini, watu wanakimbilia kununua betri. Betri inasingiziwa, anayeshtakiwa ni altaneta, ile inayochaji betri, au mkanda wake. Pima betri injini ikiwa inaunguruma: volti 13.8 hadi 14.4 ni salama, chini ya 13 haichaji. Mkanda ukiwa umekatika, kwenye magari mengi na pampu ya maji imesimama, kwa hiyo kipimajoto chekundu nacho kiko njiani. Hapo uko katikati ya msitu wa Koga, unaelekea Mpanda, nyuki tu ndio mashahidi.

Ile taa ya injini basi. Ikitulia, endesha kwa adabu mpaka kwenye mashine ya kupima. Ikipepesa, punguza mwendo na utafute pa kusimama, silinda inakosa kuwaka, petroli mbichi inaingia kwenye masega, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi, na kuyaunguza. Tafuta plagi au koili. Lakini fundi wetu anachomoa terminali ya betri, taa inazima, anapokea hela. Kesho kutwa imerudi, kwa sababu alifuta kumbukumbu, ugonjwa kauacha.

Na taa ya O/D OFF ya Toyota, yaani gia ya juu ya mwendo kasi imezimwa, si ugonjwa! Kuna kitufe kwenye gialiva, kiguse tu. Ila ikianza kupepesa yenyewe, hapo gia boksi ndiyo inayolia.

Breki nyekundu: shusha hendibreki. Bado inawaka? Mafuta ya breki yameshuka, mara nyingi kwa sababu pedi zimeisha, au kuna pa kuvuja. Anayejazia maji humo achapwe, yanachemka kwenye breki na pedali inazama mpaka sakafuni.

Kwa haya yote tunaitwa wagumu wa kuelewa. Lakini taa ya mkanda wa kiti ikipiga kelele, utashangaa! Dereva anauchomeka nyuma ya mgongo wake, kelele zinakwisha, safari inaendelea. Ndiyo taa pekee tunayoitibu wenyewe bila fundi.