Ray Lomas, mzee wa roki aliyebuniwa na kijana wa miaka 28

Mwaka 1976 bendi ya Jethro Tull ya Uingereza ilitoa "Too Old to Rock 'n' Roll: Too Young to Die!", albamu inayofuata maisha ya Ray Lomas, mwanamuziki wa roki aliyezeeka na nywele na mavazi ya ujana wake. Anashinda fedha kwenye shindano la chemshabongo, zisimpe raha. Anapanda pikipiki, anaikimbiza, anapata ajali. Anapozinduka baada ya kupoteza fahamu kwa muda mrefu, anakuta mtindo wake umerudi na vijana wanamshangilia.

Wanaoikosoa wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya kisa haimo katika nyimbo, imo katika katuni za mchoraji Dave Gibbons kwenye jalada la santuri. Anayesikiliza bila jalada hawezi kujua nani kafanya nini. Kazi hii ilikusudiwa kwanza kuwa mchezo wa jukwaani, na pengo hilo linasikika. Tena Ian Anderson, kiongozi wa bendi na mtunzi wa albamu, alikuwa na miaka 28 tu, kwa hiyo uzee wa Lomas ni wa nguo na nywele kuliko wa mwili.

Hoja hiyo ya umri, hata hivyo, inaishiwa nguvu unapofika wimbo "From a Dead Beat to an Old Greaser". Gitaa la taratibu, saksafoni ya David Palmer wa bendi hiyo, na mtu anayewataja mwanajazi Charlie Parker, mwandishi Jack Kerouac na mchoraji René Magritte kwa uchungu wa aliyebaki na kumbukumbu peke yake. Kijana au la, Anderson alijua jinsi mtu anavyoachwa na zama zake, na mwaka huohuo punk, roki kali ya vijana waasi, ilikuwa ikichipuka London, tayari kuziita bendi kama yake za kale. Wimbo wenye jina la albamu nao, Maddy Prior, mwimbaji wa bendi ya Steeleye Span, akiitikia, unaanza polepole kisha unashika kasi, na unabeba simulizi bila msaada wa mchoro wowote.

Kinachonikwaza mimi ni ule mwisho wa furaha. Mitindo iliyomtupa Lomas ndiyo inayomwokoa, na itamtupa tena. Anderson anamwacha akishangiliwa bila kuligusa hilo, ilhali nyimbo zake zenyewe zimeshatufundisha kutoiamini shangwe ya namna hiyo.