Tabasamu la mwisho wa sentensi halitoshi

Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, watu walikuwa wakitaniana kwa kompyuta kuhusu lifti na zebaki iliyomwagika. Utani ukageuka onyo, na kukawa na hofu kwamba wapo watakaoliamini. Septemba 19 Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa chuo hicho, akapendekeza kila utani uwekewe alama :-), yaani uso unaotabasamu uliolala ubavu, ili mtu asishtuke bure. Leo tuna emoji zaidi ya 3,000, na kwenye magrupu ya WhatsApp bado watu wanakosana kwa maneno yasiyokusudiwa vibaya.

Wapo wanaosema dawa ni kuandika kifupi, na hawajakosea kabisa. Grupu la kamati ya harusi lina watu 150. Kila mmoja akianza na "Habari za asubuhi wapendwa, natumaini mu wazima", ikifika saa nne namba ya kutumia michango imeshazama chini ya salamu. Kumheshimu mtu ni pamoja na kutomlia muda na bando. Tena maneno matamu yakizidi, hakuna anayethubutu kumuuliza mweka hazina hesabu.

Lakini anayeandika huisikia sauti yake mwenyewe kichwani, anayesoma haisikii. Mwaka 2005 watafiti Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha jaribio la watu waliotumiana barua pepe, nyingine za kejeli, nyingine za kawaida. Watumaji walitarajia kueleweka takribani mara 78 katika 100. Walieleweka mara 56 tu, karibu sawa na kubahatisha.

Chukua ujumbe huu: "Nani kasema ukumbi ubadilishwe?" Huenda mtu anauliza tu, lakini mwenyekiti, Mama Neema, anasoma shutuma. Ukibandika emoji ya kucheka mbele yake, sasa anaona anachekwa. Linganisha na huu: "Mama Neema, nimeona ukumbi umebadilika, na nimeelewa ule wa kwanza ulikuwa ghali. Naomba kujua kamati ilikaa lini." Swali bado ni gumu na jibu bado linadaiwa, ila Mama Neema anajua maelezo yake yamesomwa. Mimi naona upole wa maandishi uko hapo hasa, kuliko kwenye salamu ndefu au tabasamu la kubandika.

Kwa watani hali ni nyingine. Rafiki aliyezoea kukuita "we mzee" akianza "Ndugu mpendwa", ujue umemuudhi.

Kwenye grupu la watu wasiozoeana, au lenye wazee, anayefungua mazungumzo asalimie kwa niaba ya wote na wengine waingie kwenye hoja. Anayepinga ataje kwanza alichokielewa. Na zikikosekana pesa za mchango, mhusika apigiwe simu kabla ya lolote kuandikwa, kwa sababu mbele ya watu 150 hata swali la upole litasomwa kama tuhuma.