Dannebrog: ilidondoka kutoka mbinguni, au ilipandishwa huko baadaye?

Kuhusu asili ya Dannebrog, bendera ya taifa lao, Wadenmark husimulia hivi. Juni 15, 1219, Mfalme Valdemar wa Pili alikuwa Lyndanisse, palipo Tallinn ya leo, akipigana na Waestonia waliokuwa hawajaukubali Ukristo. Jeshi lake likazidiwa. Askofu mkuu Anders Sunesen akapanda kilimani kuomba: akiinua mikono Wadenmark wanasonga mbele, akichoka wanarudi nyuma. Ndipo bendera nyekundu yenye msalaba mweupe ikashuka kutoka angani, na ushindi ukawa wao.

Msomaji wa Biblia ameshaitambua hiyo mikono: ni ya Musa, siku ya vita na Waamaleki. Lakini hoja nzito zaidi dhidi ya simulizi hili ni Henry wa Livonia, padri aliyeishi ukanda huohuo enzi zilezile. Ameeleza jinsi Waestonia walivyovamia kambi jioni, wakamuua Askofu Theoderich hemani wakidhani ni mfalme, na jinsi wapiganaji wa Kislavi wa mtawala Wizlav walivyowazuia. Bendera haitaji popote. Kweli, Henry alikuwa mtu wa Riga, na Riga iligombea Estonia na Wadenmark, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuwapamba. Hata hivyo, padri wa zama zile kuupita muujiza kama huo kimyakimya? Mimi siamini.

Simulizi tulilonalo limeandikwa miaka ya 1520, karne tatu baadaye, tena waandishi wenyewe hawaelewani. Petrus Olai aliliweka Felin, mahali pengine huko Estonia, mwaka 1208. Christiern Pedersen alidai bendera yenyewe ilichukuliwa na Mfalme Erik wa karne ya 15 alipokwenda uhamishoni. Na kumbuka, mwaka 1500 Mfalme Hans alikuwa amechapwa vibaya Hemmingstedt na wakulima wa Dithmarschen, eneo la kaskazini mwa Ujerumani ya leo, waliofungulia maji yakafurika uwanja wa vita, wakamnyang'anya bendera ya kifalme. Taifa lililotoka kupata aibu hiyo lilihitaji bendera yenye asili ya mbinguni.

Wanaosema yote ni uzushi wa karne ya 16 nao wanavuka mpaka. Kitabu cha nembo cha Gelre, cha karne ya 14, kinaonyesha bendera hiyohiyo pembeni ya nembo ya mfalme wa Denmark. Na jeshi la vita vya msalaba kubeba msalaba si jambo la ajabu. Bendera ni ya kale; kilichoongezwa ni safari ya kutoka angani.

Mapenzi ya leo ya Wadenmark kwa bendera yao, ya vibendera vya karatasi kwenye keki ya siku ya kuzaliwa, naona yana deni kubwa zaidi kwa mwaka 1854, wananchi waliporuhusiwa kuipeperusha baada ya kukatazwa tangu 1834.

Waestonia je? Denmark iliwauza kwa watawa wapiganaji wa Kijerumani mwaka 1346. Lakini nembo ndogo ya Tallinn bado ni msalaba mweupe juu ya nyekundu, na chini ya kuta zake kuu ipo bustani inayoitwa ya Mfalme wa Denmark.