Miaka 33 ya Bud Foster, na benchi zetu za ufundi

Tangu nihamie Virginia, kitu kinachonitia wivu zaidi kwenye michezo ya huku si fedha wala viwanja. Ni maisha ya kazi ya Bud Foster.

Nyumbani wengi hamumjui, maana hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Alikuwa kocha wa ulinzi wa chuo cha Virginia Tech katika futiboli ya Kimarekani, yaani msaidizi wa kocha mkuu. Alifika Blacksburg mwaka 1987 na kocha mkuu Frank Beamer, wakitokea Murray State, akakabidhiwa ulinzi mwaka 1995, akastaafu baada ya msimu wa 2019. Blacksburg yenyewe ni mji wa milimani ambao wakazi wake hawatoshi kujaza viti vya Lane Stadium, uwanja wa chuo hicho.

Katika mchezo huu kikosi cha kushambulia kikitoka, kinaingia kingine cha kuzuia, watu 11 wengine kabisa. Kwa hiyo kocha wa ulinzi ana timu yake ndani ya timu, na kila mpira unapoanza yeye ndiye anayeamua wakabe vipi. Vijana wa Foster walikuwa na sanduku la bati la chakula, la aina ya wachimba makaa ya mawe, lililobebwa na aliyejituma kuliko wenzake. Mwaka 2006 akapewa tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora wa vyuo nchini. Yaani msaidizi ana tuzo yake, ya taifa zima!

Jambo lililonigusa hasa ni la mwisho wa 2015. Beamer alistaafu, akaja Justin Fuente, naye akambakisha Foster. Kwetu ingekuwaje? Kocha mkuu akifungashiwa virago, benchi zima la ufundi linavunjwa, na anayefuata anashuka uwanja wa ndege na watu wake. Yanga ilimtimua Miguel Gamondi Novemba 2024, miezi michache tu baada ya kutwaa ubingwa. Simba ikaachana na Robertinho siku chache baada ya kile kipigo cha 5-1 cha Novemba 2023. Kila mara tunaanza upya.

Sisemi huku ni peponi. Makocha wasaidizi wengi wa vyuo huhama na familia zao bosi akifukuzwa, na kwa miaka mingi makocha wakubwa walilipwa mamilioni ya dola wakati wachezaji hawakuruhusiwa hata mshahara. Foster ni mmoja kati ya wachache. Ila chuo chake kiliona thamani yake, kikamlipa vizuri ili asishawishike kuondoka.

Nasi tunaye mtu wa namna hiyo. Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, amekaa benchi kama msaidizi wa makocha wakuu Sven Vandenbroeck, na Didier Gomes, na Pablo Franco. Wao wakaondoka, yeye akaendelea kuwajua wachezaji, ligi na viwanja vya mikoani. Lakini mashabiki tunamkumbuka timu inapokosa kocha tu, na swali letu huwa lile lile: atapewa timu lini? Mimi naliona swali hilo linamdharau. Kazi aliyonayo inastahili mkataba mrefu, mshahara wa kueleweka na jina lake kutajwa siku ya ubingwa, hata asipokuwa kocha mkuu maisha yake yote.