Sijaiba kete, jamani!

Najua mshaisikia ile voisi ya muuza kahawa kwenye grupu la mtaa, eti mzee mzima kakamatwa na kete ya bao. Sasa nisikilizeni na mimi mwenyewe, maana mpaka shemeji yangu wa Tanga kanipigia asubuhi hii kunipa pole, pole ya nini sijui, nani kafa?

Jana Ijumaa tumetoka kuswali nikapitiliza barazani na kanzu yangu, nikakakuta kale kadogo ka bodaboda kanafunga wazee mmoja baada ya mwingine na mdomo juu. Nikasema leo katanijua. Na kweli, kwenye kunamua, kule mwanzo mnapoingiza kete ubaoni mojamoja, nilikakimbiza mpaka kakaacha kuongea, tukaingia mtaji, kete za mkononi zimekwisha, nikakala shimo nono, kete 7. Nikapiga hesabu kwa jicho: naanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa, ya mwisho inaangukia shimo la saba, mbele yake kumejaa, nakula, bao limekwisha.

Hapa sasa ndo pa kusikiliza. Enzi zangu gumba lilikuwa linasukuma kete lenyewe, ka ka ka, huku nasimulia habari za mpira. Siku hizi hata vifungo vya shati nafunga kwa bismillahi (nyie vijana mnaocheka, subirini tu). Na komwe, hizo mbegu tunazochezea kama kete, mnazijua zinavyoteleza. Ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tatu gumba likagoma, nikabana kwa nguvu, ikaingia. Ya nne, watu kimya. Ya tano nafika kwenye nyumba, lile shimo la mraba, nabonyeza hivi, zikachomoka mbili kwa pamoja! Nikajifanya sijaona, nikaingiza vidole nitoe moja kistaarabu, wapi, napapasa humo ndani gumba na shahada havikutani.

"Mzee, unatafuta nini humo?"

Nikaacha. Nikasogea shimo la sita, nikafungua kiganja. Hakuna kitu. Nikakigeuza. Hakuna kitu!

Ikawa "tuhesabu, tuhesabu!" Wakahesabu ubao mzima kama michango ya harusi, zikatoka 63. Bao lina kete 64 hata mtoto anajua. Mimi nikapanda juu, mtu mzima miye, udhu haujakauka, niibe kete? Nikanyanyua mkono nikaapa, na walishaanza kuniamini wallahi, niliona kabisa sura zinalainika. Ningebaki vilevile na mkono juu mpaka magharibi yangeisha. Sasa si nikaushusha kumsonta yule mtoto, na mikono ya kanzu mnaijua ilivyo mipana, nikasikia kitu kinateremka kutoka kwenye kiwiko, kinatekenya, kinakuja, nikajua nimekwisha, nikataka kubana nikachelewa, komwe ikatoka, ikagonga ubao PA! ikaruka ikatua ndani ya kikombe cha muuza kahawa, ikamrushia kahawa ya moto kwenye shati. Ndo mjue ile voisi ina hasira za nini.

Yaliyofuata siyasemi, kuna mtu aligaragara chini, mimi nilivaa makubazi ya mtu mwingine nikaenda zangu.

Nyumbani binti yangu nesi akacheka kwanza mpaka machozi, ndo akanieleza: ukizeeka, ncha za vidole zinapungua hisia, ngozi inakauka inakuwa inateleza, vimisuli vya kiganja vinasinyaa, kwa hiyo mtu anabana kitu kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, kinachomoka, na kikiponyoka kingine pembeni ya kidole cha mwisho wala hajui. Eti niwe nakandakanda kijipira laini. Kwani hakuweza kuniambia kabla ya Ijumaa?

Nikamrekodia kijana wa bodaboda maelezo yote hayo, ya kitabibu kabisa, akae akijua. Kanijibu saa hiyohiyo: "Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa vizuri sana. Ila kesho uje umevaa singlendi."