Saa 48 za Mbeya, saa 48 za Berlin

Jirani yangu hapa Berlin ni bibi wa miaka sabini na kitu. Jumamosi moja nilimkuta kwenye ngazi kabeba bango la kupinga kodi za nyumba kupanda. Nikamuuliza kibali wamepata lini. Ilibidi nirudie swali mara mbili, na bado hakunielewa. Mimi nimekulia Mwanjelwa, jijini Mbeya, Tanzania; kwetu hilo ndilo swali la kwanza.

Kumbe sheria zenyewe zinakaribiana. Hapa unawapa polisi taarifa saa 48 kabla ya kuyatangaza maandamano. Kwetu, kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinataka saa 48 kabla ya mkutano. Taarifa, si kibali. Sharti la kibali lilifutwa mahakamani zamani, Jaji Lugakingira alipoamua kesi ya Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani. Lakini mjomba wangu wa Uyole hadi leo anasema "kibali".

Tofauti inaanza ukikataliwa. Polisi wa Berlin nao wanakataza, tusidanganyane: Oktoba 2023 walizuia mikusanyiko kadhaa ya kuwaunga mkono Wapalestina, na mahakama haikuwapinga kila mara. Ila aliyekataliwa anakwenda kwa jaji na kupata jibu kabla ya siku yenyewe. Kwetu rufaa inakwenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na neno lake ndilo la mwisho. Waziri huyohuyo mwenye polisi! Kesi ya nyani unampelekea ngedere.

Marufuku ya mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilipoondolewa Tanzania Januari 2023 nilipiga simu nyumbani kwa furaha. Agosti 2024 vijana wa Chadema, chama cha upinzani, wakaitana Mbeya kwa Siku ya Vijana. Polisi wakasema kuna mpango wa kuvuruga amani, mamia wakakamatwa, wengine hata mjini hawajafika.

Mjomba ananiambia, "Wewe uko mbali, duka langu liko barabarani." Namwelewa. Novemba 2011, machinga walipopambana na polisi Mwanjelwa, alifunga duka akajifungia ndani. Lakini zile ghasia, mjomba, nani alizitolea taarifa? Na Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2012, watu wa Chadema walikuwa wanafungua tawi la chama tu. Aliyekufa pale, mikononi mwa polisi, ni mwandishi wa habari, Daudi Mwangosi.

Ningeanza na kifungu hicho kimoja cha 43: kwenye rufaa, palipoandikwa Waziri paandikwe Mahakama Kuu, na jaji apewe saa 24.