Ugenini wanaipima damu yangu, nyumbani wanakaa nami mezani

Huu ni mwaka wa nane tangu nifanyiwe baipasi ya tumbo, upasuaji wa kupunguza uzito, na watu wa nyumbani bado wananiuliza swali lile lile: "Ulipungua kilo ngapi?" Hakuna anayeniuliza nakula na nani siku hizi, wala ni nani anayenipima damu. Haya mawili ndiyo yaliyoamua afya yangu kuliko kisu cha daktari. Nayaandika kwa sababu naona ndugu zetu wengi tulio mbali wanafanyiwa upasuaji huu, wengine wanasafiri makusudi kuufuata kisha wanarudi nyumbani, na picha tunazotumiana zote ni za mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza ni mtamu kweli. Sehemu ndogo ya juu ya tumbo langu ilitengwa ikawa kifuko cha kama mililita 30, kisha kikaunganishwa na utumbo mwembamba kwa chini, ile sehemu yake ya mwanzo ikarukwa. Njaa ilinyamaza. Nikila vijiko vitatu nimeshiba, nguo zinapwaya kila wiki, na kila ninayekutana naye ana neno zuri la kuniambia. Niliamini tamaa ya kula imekatwa pamoja na tumbo.

Haikukatwa. Mwaka wa tatu ilirudi, na ilinikuta peke yangu.

Nilikuwa nafanya kazi zamu za usiku, naishi chumba kimoja, na sikuwa na mtu wa kukaa naye mezani. Hata meza yenyewe sikuwa nayo. Nilikula nikiwa nimesimama au nikitazama simu. Hapo nikagundua jambo ambalo kila aliyefanyiwa upasuaji huu hulijua mapema au kwa kuchelewa: nyama na samaki hukaa kifuani hadi uzitafune sawasawa, lakini biskuti huyeyuka na kuteleza. Kifuko hakijai kwa kitu kinachoteleza. Basi nikawa nadonoa. Kipande hiki sasa, kingine baada ya nusu saa, kingine nikitoka kuoga. Siku nzima sikai kula, na siku nzima mdomo haupumziki. Kilo 11 zilirudi namna hiyo, bila hata sahani moja iliyojaa.

Niliona aibu hata nikaacha kwenda kliniki mara mbili. Hapa ndipo ninapoushukuru ugeni. Walinitafuta. Ilikuja barua, ikaja nyingine, kisha muuguzi akapiga simu. Nilipofika hakunigombeza. Alinieleza kwamba Uswidi kuna utafiti ulioanza mwaka 1987 uliowafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa aina mbalimbali za upasuaji wa kupunguza uzito. Waliofanyiwa baipasi walifika chini kabisa katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, wakiwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao wa mwanzo. Ilipofika miaka kumi, wastani ulikuwa asilimia 25. Kwa maneno mengine, kupanda kidogo ni njia ambayo wengi hupita, na mtu aliyepanda kidogo bado amepungua sana. Nililia pale kitini, kwa sababu kwa miezi kadhaa nilijiona mimi ndiye mtu pekee duniani aliyeharibu upasuaji mzuri.

Siku hiyo hiyo akaniuliza kama kuna kitu ninachotamani kukitafuna kisicho chakula. Nikashtuka. Nilikuwa natafuna barafu, bakuli zima kwa siku, na sikuwa nimemwambia mtu. Damu ikachukuliwa, majibu yakaonyesha akiba ya madini ya chuma imekaribia kwisha. Hamu ya barafu ni dalili inayojulikana ya upungufu huo. Chuma hufyonzwa zaidi kwenye ile sehemu ya mwanzo ya utumbo ambayo kwangu chakula hakipiti tena. Vitamini B12 nayo inahitaji msaada wa kitu kinachotengenezwa tumboni ili ifyonzwe, na sehemu kubwa ya tumbo langu sasa haikutani na chakula. Ndiyo maana vidonge vya madini na vitamini ni vya maisha, na ndiyo maana damu hupimwa kila mwaka hata ukijisikia mzima. Ukingoja dalili za B12 zijitokeze, ganzi za miguuni kwa mfano, umechelewa, kwa sababu mishipa ya fahamu ikishaharibika kuna wakati hairudi kama ilivyokuwa. Niliwekewa chuma kwa dripu. Baada ya wiki chache hamu ya barafu ilitoweka kabisa, kama haikuwahi kuwepo.

Ugenini, basi, wananitunza kwenye karatasi na kwenye chupa za damu, na wananitunza vizuri. Lakini katika miaka yote hiyo mtaalamu wa lishe aliniuliza nimekula gramu ngapi za protini na nimekunywa maji kiasi gani. Hakuwahi kuniuliza nimekula na nani. Nadhani swali hilo lingeniokoa zile kilo 11.

Mwaka wa tano nilirudi nyumbani kwa miezi mitatu. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Shangazi alinishika mkono mlangoni, akaugeuza huku na huku, akasema, "Umekwisha, mwanangu. Unaumwa nini?" Mama yeye hakusema kitu, alikuwa akinipakulia tu, na kila nikiacha chakula uso wake unabadilika. Nilikula zaidi ya uwezo wangu siku mbili, nikatapika siku mbili. Siku ya tatu nilimwita chumbani nikamweleza taratibu, nikachora kwa kalamu kile kifuko na utumbo. Alikitazama kile kichoro kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa nani alikuwa anakupikia muda wote huo?"

Tangu hapo mambo yalibadilika. Nilikuwa na saa ya kula na watu wa kula nao. Watoto wanasimulia, wakubwa wanabishana, kijiko kinapumzika chenyewe bila kuhesabu kutafuna mara ngapi. Naanza na protini, mboga zinafuata, wanga kidogo mwishoni. Sinywi maji katikati ya mlo, nangoja nusu saa, na watu wa mezani walizoea. Tukimaliza tumemaliza, vyombo vinaoshwa, na hakuna mtu anayefungua kabati usiku. Kudonoa kuliisha kwa sababu hakukuwa na upweke wa kukulisha. Miezi mitatu ile nilipungua kilo nne bila kujipangia.

Ningependa kuishia hapo na kuwaambia rudini nyumbani, lakini nisingekuwa mkweli.

Goti lilianza kuniuma, nikaenda zahanati moja. Nilimwambia aliyenihudumia kwamba nimewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Akaandika "uzazi" na kuendelea. Sikumsahihisha, kwa uvivu na kwa aibu pia, na kosa hilo ni langu. Nikapewa diklofenaki ya wiki mbili. Aliyefanyiwa baipasi hatakiwi kumeza dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, kwa sababu zinaleta vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Nilikuwa nimeambiwa hivyo miaka mitano kabla na nilikuwa nimesahau. Siku ya kumi choo kilikuwa cheusi kama lami. Kilikuwa kidonda kinachovuja damu, nikalazwa, na kila daktari aliyepita kitandani nililazimika kumweleza upya tumbo langu limekaaje. Kumbukumbu zangu zote zilikuwa ng'ambo, kwenye kompyuta ambayo hakuna aliyeweza kuifungua.

Jambo jingine dogo: siku moja jirani alinikaribisha kinywaji kitamu sana, nikanywa gilasi nzima kwa heshima. Baada ya saa mbili hivi nilikuwa natetemeka, jasho linanitoka, macho yanaona kiza. Sukari ilipanda haraka, mwili ukatoa insulini nyingi, kisha sukari ikaporomoka. Waliokuwepo walidhani ni malaria. Sasa nanywa maji na kusema asante, na sijapoteza jirani hata mmoja.

Pombe nayo ninaitaja kwa sababu wengi wetu huku hatuitaji. Baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka na kwa wingi, na hatari ya kuizoea huonekana zaidi kuanzia mwaka wa pili, wakati pongezi zimekwisha na chakula hakiwezi tena kukufariji. Nimemwona mwenzangu akipitia huko. Mtu anayeishi peke yake ugenini achukue onyo hili kwa uzito mara mbili.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama nampendekezea upasuaji huu, simjibu kuhusu kilo. Namuuliza mwaka wa tano atakuwa wapi. Kama atakuwa ugenini, ajipangie watu wa kula nao kwa bidii ile ile anayopangia siku ya upasuaji, hata kama ni jirani mmoja mara mbili kwa wiki. Kama atakuwa nyumbani, amtafute, kabla ya kulala kitanda cha upasuaji, daktari atakayekubali kumpima damu kila mwaka, na atembee na karatasi inayosema kwa lugha ya pale alipo: aina ya upasuaji, mwaka, dawa asizopaswa kumeza, vipimo anavyohitaji. Kliniki nazo zinazopasua watu wanaoishi nchi nyingine na kuwaaga baada ya wiki mbili zinafanya kazi nusu, na nusu inayobaki ndiyo inayouma.

Karatasi yangu niliiandika mwenyewe nikiwa bado wodini. Nakala moja iko kwenye pochi yangu, nyingine anayo mama. Siku hizi jioni tunapigiana simu, yeye kwenye meza yake na mimi kwenye yangu, maana nilinunua meza. Juzi nilimwambia nimemeza kalsiamu sasa hivi na nataka kumeza na chuma kabisa ili nimalize. Nikamsikia akifungua ile karatasi.

"Hapana," akasema, "hivyo viwili havimezwi pamoja. Ngoja kwanza masaa mawili yapite. Kula, nakusubiri."